MGUU UNAPIMWA NAMNA GANI?



Safari hii tunazungumza juu ya mguu. Juu ya mshahara, likizo na saa za ziada tumezungumza mara nyingi na tutaendelea. Lakini katika ofisi zetu za Jinja na Mbale malalamiko ya miguu hayakatiki. Mkata miwa anaingia akichechemea. Mama wa kiwandani, anayesimama saa nane juu ya sakafu ya saruji, anasema visigino vinamwaka moto. Mchuma kahawa anateremka kutoka mlimani na mguu umevimba. Tukiwauliza, "Ulipokwenda hospitali ulifanyiwa nini?" jibu ni lile lile: "Nilipewa vidonge."

Vidonge havina ubaya. Ila maumivu ya mguu mara nyingi yanatokana na mwendo: kiungo kimekataa kukunjika, kano imelegea, au mshipa wa fahamu haufanyi kazi. Mambo hayo hayaonekani mtu akiwa ameketi kwenye benchi na viatu vyake miguuni. Yako mambo ya kufanya ili yaonekane, nayo si siri. Tumeona tuyaeleze hapa, ili mfanyakazi ajue mguu wake unafanyiwa nini, na aweze kuuliza pale usipofanyiwa.

Katika nchi kama Uingereza wako watu waliosomea miguu peke yake, wanaitwa mapodiatrista. Kwetu kazi hiyo hufanywa zaidi na maafisa wa mifupa na wataalamu wa tiba ya viungo katika hospitali za rufaa za mkoa, na Jinja na Mbale zote mbili zina hospitali ya namna hiyo. Hapa tutamwita huyo mtu mtaalamu wa miguu, awe na cheti gani.

Mwaka jana tulimsindikiza mwenzetu mmoja, mpakiaji wa mizigo katika ghala la kiwanda kimoja. Mkokoteni wenye shehena ulikuwa umemgonga kifundo cha mguu wa kushoto. Alilazwa siku chache, akapewa karatasi inayosema amepona, akarudi kazini. Alikuwa hajapona. Akipanda ubao wa kupakilia lori akiwa na gunia begani, kisigino chake kilikuwa kinainuka mapema, na jioni goti linauma kuliko hata kifundo chenyewe. Mnyapara alimwita mvivu. Mtaalamu aliyempima alituruhusu tukae tutazame, na mengi ya maelezo haya tumeyapata pale.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba kazi ilianza kabla mwenzetu hajajua kwamba imeanza. Alipokuwa anatoka mlangoni kwenda kwenye kiti, mtaalamu alikwisha kumtazama. Mtu akijua anatazamwa hutembea kwa adabu kama askari wa gwaride. Asipojua, hutembea kama anavyotembea siku zote.

Yakafuata maswali. Mguu unauma mahali gani, uonyeshe kwa kidole kimoja. Unauma saa ngapi? Swali hili la saa lina maana kubwa. Kisigino kinachouma vikali kwa hatua za kwanza asubuhi, kisha kikapoa kidogo, mara nyingi ni ule utando mgumu wa chini ya wayo, unaotoka kisigino kwenda vidoleni. Maumivu yanayoanza mchana na kuzidi hadi mwisho wa zamu yana sababu nyingine. Halafu: unasimama juu ya nini, unabeba uzito gani, unapanda ngazi au hupandi, una kisukari, umewahi kupata ganzi? Jibuni maswali haya kwa ukweli na bila haraka. Mtu akisema tu "mguu mzima unauma" amemfungia mtaalamu mlango.

Halafu viatu. Mwenzetu alikuwa amevaa viatu vyake vya Jumapili, vimepigwa rangi vinang'aa, na mtaalamu akacheka. Alitaka vile vya kazini. Soli ya kiatu ni kama daftari ya mahudhurio. Imeandika kila hatua. Kwa watu wengi kisigino cha kiatu huliwa kidogo upande wa nje, nyuma, maana ndipo mguu unapogusa ardhi kwanza. Kikiliwa sana upande wa ndani, wayo unaangukia ndani. Ncha ya mbele ikichubuka, mguu unaburuzwa. Gambuti zilizo kubwa kupita kiasi, ambazo wengi wetu tunapewa kwa kuwa stoo haina saizi nyingine, zinamfanya mtu akunje vidole ili zisimtoke, na kutwa nzima ya kukunja vidole inatosha kuumiza mguu usio na ugonjwa wowote. Kwa hiyo ukienda kupimwa, chukua viatu vya kazi hata kama vina tope.

Baada ya viatu, mgonjwa husimama pekupeku, suruali imekunjwa juu ya magoti. Kina mama waje na kaptula chini ya gomesi au sketi, na wana haki ya kutaka muuguzi mwanamke awepo. Mtaalamu hutazama kutoka nyuma. Nyonga ziko sawa, au moja iko juu? Kisigino kimesimama wima, au kimelalia upande mmoja? Kisha anahesabu vidole vinavyoonekana kutoka nyuma, upande wa nje wa kila mguu. Kwa kawaida huonekana kimoja au viwili. Vikionekana vitatu au vinne, wayo umegeukia nje na upinde wake pengine umelala chini.

Hapa tuondoe woga mmoja. Wayo bapa peke yake si ugonjwa. Wako watu wengi wenye nyayo bapa wanaokata miwa miaka mingi bila kulalamika, na anayekuambia ununue soli za bei kubwa kwa sababu tu wayo wako ni bapa anatafuta pesa zako. Swali ni kama wayo huo ni laini au umekakamaa. Jibu lake hupatikana kwa kumwambia mtu asimame juu ya vidole. Ukiwa mzima, upinde hujitokeza na visigino hugeuka kuelekea ndani. Kisha anasimama kwa mguu mmoja, ameshika ukuta kwa ncha za vidole tu, anapanda na kushuka. Mtu mzima asiye na tatizo huweza mara 20 na zaidi, ingawa umri hupunguza. Asiyeweza hata mara moja, au anayepanda lakini kisigino kisigeuke, huenda ile kano ya upande wa ndani wa kifundo, inayobeba upinde, imechoka au imekatika. Ikigunduliwa mapema inatulizwa kwa kiatu, mazoezi na kupunguza kazi ya kusimama. Ikiachwa, wayo hulala kabisa na kukauka hivyo.

Mwenzetu alipanda kwa mguu wa kulia mara 22. Kwa wa kushoto mara 6, jasho linamtoka.

Kipimapembe

Sasa alilala kitandani. Mtaalamu akachukua chombo cha plastiki chenye mikono miwili, mfano wa kipimapembe cha watoto wa shule. Mkono mmoja uliwekwa sambamba na mfupa wa mguu, mwingine sambamba na ukingo wa wayo. Wayo ukiwa umesimama wima juu ya mguu, hapo ndipo sifuri. Kutoka hapo anahesabu kwenda juu na kwenda chini.

Kuelekea juu, yaani wayo kuinukia muundi, kifundo kizima hufika kiasi cha digrii 10 hadi 20. Kuelekea chini hufika 40 au 50. Wayo kugeukia ndani ni karibu mara mbili ya kugeukia nje. Kidole gumba kinatakiwa kiinuke vizuri, maana kila hatua inamalizikia juu yake. Kikikataa, mtu hutembea kwa ukingo wa nje wa wayo na kupata sugu huko. Lakini kwa kazi zetu, ile ya kwenda juu ndiyo mama wa zote. Bila digrii kama 10 huwezi kupitisha mwili juu ya mguu uliokanyaga. Huchuchumai chooni, huchuchumai kung'oa magugu, hupandi ubao wa lori. Kisigino kitainuka kabla ya wakati wake, uzito wote utahamia mbele ya wayo, na goti litalazimika kulipa deni la kifundo. Goti likichoka, kiuno nacho kinaanza kulipa.

Kipimo hiki hufanywa mara mbili: goti limenyooka, kisha goti limekunjwa. Sababu ni hii. Msuli mkubwa wa shavu la mguu unaanzia juu ya goti. Goti likikunjwa, msuli huo hulegea. Basi kama wayo unapanda vizuri goti likiwa limekunjwa tu, tatizo ni msuli mfupi, na mazoezi ya kuunyoosha yatasaidia. Kama haupandi hata goti likikunjwa, tatizo liko chini zaidi: msuli wa ndani, kano ya kisigino au kiungo chenyewe. Mguu wa kulia wa mwenzetu ulipanda digrii 14. Wa kushoto ulipanda digrii 3 goti likiwa limenyooka, na 3 vile vile lilipokunjwa. Mtaalamu akaandika namba zote nne. Kumbe karatasi ile ya "amepona" haikuwa na hata namba moja.

Jambo hili unaweza kulijaribu nyumbani bila chombo. Simama ukitazama ukuta, wayo wote chini, kunja goti mpaka liguse ukuta. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo, mpaka mahali pa mwisho ambapo goti bado linagusa na kisigino hakijainuka. Pima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Fanya mguu wa pili. Watu wengi hupata sentimeta kama 10, lakini usijali sana namba yenyewe, tazama tofauti. Mguu mmoja ukipungukiwa na mwenzake kwa zaidi ya sentimeta 2, una habari ya kumpelekea mtaalamu. Mwili umetupa miguu miwili, na mmoja ni shahidi wa mwingine. Ndiyo maana tunasema anayepima mguu mgonjwa peke yake hajapima.

Nguvu hupimwa kwa mkono. Mtaalamu anasukuma wayo chini, wewe unaukaza juu. Anasukuma ndani, wewe unakaza nje. Anaandika kutoka 0, pasipo dalili yoyote ya msuli kukaza, hadi 5, nguvu kamili. Tatu maana yake mguu unaweza kujiinua wenyewe lakini ukisukumwa tu unaanguka. Asiyeweza kutembea kwa visigino, vidole vimeinuliwa, huenda ameumia mshipa wa fahamu unaozunguka kichwa cha mfupa chini kidogo ya goti, upande wa nje. Mshipa huo uko karibu sana na ngozi. Kugongwa hapo, plasta iliyobana, hata kuchuchumaa kwa saa nyingi katika bustani za miche kunaweza kuulaza. Sindano iliyochomwa vibaya kwenye tako inaweza kuharibu mshipa ulio mkubwa kuliko huo, na watoto wengi wa Uganda wamelemaa kwa njia hiyo. Usikubali mtoto achomwe sindano ya matako na mtu wa dukani.

Hali kadhalika hupimwa hisi. Uzi wa nailoni, uliotengenezwa kukunjika kwa uzito wa gramu 10, unagusishwa chini ya wayo mahali mbalimbali, nawe umefumba macho. Usipousikia, wayo wako hauna mlinzi. Watu wa upande wa Jinja wanaijua Buluba, ile hospitali ya wakoma karibu na Ziwa Victoria, iliyoanzishwa katika miaka ya 1930, ambako daktari Mpolandi Wanda Błeńska alifika mwaka 1951 na kutumika miaka mingi. Zamani watu waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaoozesha miguu. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi India, alionyesha kwamba vidonda vile vinatokana na kutembea juu ya mguu usiosikia: jiwe kiatuni, msumari, lengelenge, mtu anaendelea kukanyaga tu. Leo ukoma umepungua lakini kisukari kinafanya kazi ile ile. Mwenye kisukari asiyesikia uzi ule hatakiwi kuingia shambani pekupeku hata siku moja.

Mwisho ni mwendo wenyewe. Ukumbi wa mita kumi unatosha, kwenda na kurudi, pekupeku kisha na viatu. Katika hatua moja kamili ya mtu anayetembea, kila mguu uko chini kiasi cha sehemu 60 kwa mia ya wakati, na sehemu 40 uko hewani. Kisigino kwanza, kisha wayo wote, kisha kidole gumba kinasukuma. Mguu unaouma hukaa chini muda mfupi kuliko mwenzake. Mtaalamu alituambia tufumbe macho tusikilize, na kweli tuliusikia ulemavu wa mwenzetu kwa masikio: tap, taap, tap, taap. Nyonga ikishuka upande ule ulioinua mguu, misuli ya nyonga ya upande wa pili ni dhaifu. Wayo ukipiga sakafu kwa kishindo na goti likiinuliwa juu kama anayevuka matope, misuli ya kuinua wayo imelala. Ng'ambo wana vibao vya umeme sakafuni vya kupima haya yote. Simu ya mkononi iliyoshikwa kwenye usawa wa goti, picha ikichezwa polepole, inasaidia sana, na wayo uliolowa maji ukikanyaga saruji kavu unatoa picha yake bila gharama.

Mkimbiaji Stephen Kiprotich wa Kapchorwa alichukua dhahabu ya mbio ya kilometa 42 mjini London mwaka 2012, na taifa zima lilishangilia. Miguu ya wakimbiaji wakubwa hupimwa, hukandwa, hutafutiwa viatu. Mchuma kahawa wa mlima ule ule wa Elgon anapanda na kushuka kila siku na mzigo mgongoni, na hakuna anayemwuliza kifundo chake kinainuka digrii ngapi.

Kwa watu wa Mbale na huko juu Kapchorwa tuongeze jambo moja. Udongo mwekundu uliotokana na volkano, kwa mtu anayelima pekupeku miaka mingi, unaweza kuingia katika ngozi ya nyayo na kuziba njia za maji ya mwili. Mguu unavimba pole pole hadi kuwa kama matende. Si uchawi, haiambukizi, na si yale matende yanayoletwa na mbu. Mtaalamu akipima atakuta kifundo kimebanwa na uvimbe. Viatu na kuosha miguu kwa sabuni kila jioni ndiyo kinga, na hata aliyeanza kuvimba hupata nafuu akishika hayo. Ndiyo sababu tunadai viatu kwa vibarua wa msimu pia.

Na mtoto akizaliwa nyayo zimepinda kuelekea ndani, kiasi cha mmoja katika kila watoto elfu moja, usingoje akue. Tangu mwaka 1999 Uganda imetumia njia ya daktari Ponseti: wayo unanyooshwa kwa mkono kidogo kidogo, plasta mpya kila wiki, mara nyingi tano au sita, kisha kano ya kisigino hukatwa kidogo na mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Daktari Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kanada, alitunga hesabu ya kupima upindaji huo kwa kutazama na kugusa tu, kutoka 0 hadi 6. Mama anaweza kuuliza wiki hadi wiki: "Leo amepata ngapi?" na kuona namba ikishuka.

Karatasi

Kwa nini tunang'ang'ania namba? Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, aliyeumia kazini anatakiwa kumpa mwajiri taarifa katika mwezi mmoja. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa na daktari kwa asilimia, na asilimia hiyo huhesabiwa juu ya mshahara wa miezi 60. Hivyo ulemavu wa 10 kwa mia ni mishahara ya miezi 6, na wa 20 kwa mia ni ya miezi 12. Daktari akiandika "kifundo kigumu kidogo", wakili wa tajiri atasoma neno "kidogo" kwa sauti kubwa. Akiandika digrii 3 kushoto na 14 kulia, kuinuka mara 6 kushoto na 22 kulia, hapo kuna la kujadili. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Gambuti na buti za kazi zimo.

Kwa hiyo siku ya kupimwa omba miguu yote miwili ipimwe, omba namba ziandikwe pamoja na tarehe, na omba nakala. Sema kwa heshima: "Daktari, naomba uniandikie na mguu wa pili." Wengi hawatakataa. Baada ya miezi mitatu upimwe tena, nasi ofisini tutaweka nakala ya pili kwenye faili lako.

Mwenzetu yule anafanya mazoezi aliyopewa, na alipopimwa mara ya pili mguu wa kushoto ulipanda digrii 6. Mtaalamu anasema huenda usizidi hapo sana. Kiwanda kimemhamishia kwenye meza ya kuhesabu mizigo, anakokaa kwenye kiti, kwa mshahara ule ule. Shauri la fidia bado liko kwa afisa wa kazi, na safari hii lina karatasi mbili zenye namba.